KAZI YA WALE WANAOCHUNGA VITU VYA WAZEE



Mutu akiuliza wanafunzi wa darasa la sita: "Kisha kumaliza masomo utafanya kazi gani?", majibu ni yale yale: muganga, mwalimu, avoka, enjenyere, pasta. Hatujasikia hata mumoja aliyesema: "Mimi nitafanya kazi katika nyumba ya makumbusho." Wengi wanawaza kwamba katika ile nyumba, ile muji wote unaita musée, iko tu muzee mumoja anayekaa kwa mulango, anakata tiketi, kisha anasinzia.

Haiko vile. Kazi hii ni fundi kweli, iko na masomo yake, sheria zake na hatari zake. Tunaandika habari yake kwa sababu inchi yetu imepoteza vitu vingi vya mababu, na vile vilivyobaki vitaokoka ao vitapotea kwa mikono ya wafanyakazi wachache ambao hatuwafahamu.

1. NYUMBA HIZI ZILITOKA WAPI

Nyumba ya makumbusho ya Lubumbashi ni moja ya zile za zamani katika inchi yetu. Ilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, Mubeleji mumoja aliyekuwa anachimba ardhi na kutafuta vyombo vya mawe vya watu wa kale. Mwaka 1970 leta ikaunda shirika moja kwa ajili ya nyumba hizo zote, na makao yake yakawa Kinshasa, kwenye mulima Ngaliema. Mukubwa wake wa kwanza, Lucien Cahen, alikuwa pia mukubwa wa ile nyumba kubwa ya Tervuren kule Ubelgiji. Katika miaka ya 1970 wafanyakazi wa shirika hilo walizunguka katika vijiji vya mikoa mingi, wakakusanya makumi ya maelfu ya vitu: vinyago, ngoma, vyungu, mikeka, viti vya wafalme.

Lakini vitu vingi vilikuwa vimekwisha kuondoka mbele ya hapo. Tarehe 4 Oktoba 1973 Rais Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kuomba kwamba inchi tajiri zirudishe sehemu ya kazi za sanaa walizokamata kwa inchi maskini. Katikati ya 1976 na 1982 Tervuren ikarudisha vitu 114. Hapo ndipo huzuni inaingia. Mwaka 1997, wakati wa vita, nyumba ya Kinshasa iliporwa, na vingine vya vile vilivyorudi vikaonekana tena kwenye soko la Ulaya, vikiuzwa kwa bei kubwa.

Novemba 2019 nyumba mpya ya makumbusho ya taifa ilifunguliwa Kinshasa. Inchi ya Korea ya Kusini ndiyo ilitoa feza ya kuijenga, karibu dola milioni 21. Juni 2022 Mufalme Philippe wa Ubelgiji alileta pale kinyago kikubwa cha Wasuku, kinachoitwa Kakuungu, kwa azima isiyo na tarehe ya kurudi. Mwaka ule ule Ubelgiji ilikwisha kutoa kwa serkali yetu liste ya vitu karibu 84,000 vinavyokaa Tervuren.

Basi kuna watu wanaosema: "Musirudishe kitu, kule hawajui kuchunga." Kwa jambo hili tunataka kujibu kwa ukweli. Agosti 2023 nyumba kubwa ya London, British Museum, ilitangaza kwamba vitu karibu 2,000 vimepotea, vimeibiwa ao vimeharibiwa mule mwake. Na sababu moja ni kwamba vingi vya vitu vile havikuwa vimeandikwa vizuri katika liste. Munaona? Uchungaji mubaya hauna rangi ya ngozi. Pahali popote mutu asipofanya kazi sawasawa, kitu kinapotea. Jibu letu kwa wale wanaotuzarau liwe wafanyakazi waliofundishwa vizuri na kulipwa vizuri.

2. MAADUI KUMI

Wenye fundi hii, hasa wale wa Kanada na wale wa shirika linaloitwa ICCROM kule Roma, wamehesabu maadui kumi wa kitu cha makumbusho. Ni hawa: (1) kuanguka na kugongwa, (2) wezi na waharibifu, (3) moto, (4) maji, (5) vidudu na panya, (6) vumbi na moshi, (7) mwangaza, (8) joto baya, (9) unyevu mubaya, (10) kupotea kwa habari za kitu. Mufanyakazi muzuri anajua kila adui anaingia kwa mulango gani.

Tuanze na moto. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2018 nyumba ya taifa ya Rio de Janeiro, kule Brazili, iliungua. Ilikuwa na vitu karibu milioni 20, na sehemu kubwa ikawa majivu. Walipochunguza, waliona kwamba moto ulianzia kwenye mashini ya kupoza hewa. Siyo bomu, siyo radi: waya tu. Kwa hiyo kuchungua waya na kuzima umeme jioni ni kazi kubwa, hata kama haina sifa.

Vidudu. Sisi watu wa inchi ya joto tunawafahamu muchwa na wale wadogo wanaotoboa muti. Mufanyakazi anaangalia chini ya kinyago kila juma. Akiona unga unga mwembamba umemwagika, anajua kwamba ndani kuna mutu anakula. Anafanya nini? Mwenye kukosa masomo anakimbilia dawa ya kupuliza, na anaharibu rangi ya kitu pamoja na mapafu yake mwenyewe. Mwenye masomo anatenga kile kitu mbali na vingine, anakifunga ndani ya plastiki na kukitia katika friji ya kugandisha, digri 20 chini ya ziro, kwa juma moja ao mawili. Lakini umeme ukikatika katikati, baridi inapungua na vidudu vinaweza kupona. Kwa hiyo njia nzuri kupita zote ni ya bei ndogo: ufagio, madirisha yenye wavu, na kutokuingiza kitu kipya mbele ya kukitenga na kukichunguza.

Tena jambo la hatari: zamani watu walipaka vitu vya manyoya na ngozi sumu ya arseniki, na kisha walitumia DDT, ili vidudu vikufe. Sumu ile inaweza kukaa hata leo. Njo maana mufanyakazi anavaa glavu, na sisi tunakatazwa kugusa. Hawatukatazi kwa kiburi, hapana.

Mwangaza ni adui anayekuja polepole. Nguo ya rafia, picha, karatasi, manyoya ya ndege, vyote vinapauka, na rangi iliyokwisha kupauka hairudi tena hata ukitia kitu katika giza miaka mia. Kwa vitu vile wanaweka mwangaza usiopita luksi 50. Kipimo hicho ni karibu sawa na mishumaa 50 ikiwaka pamoja kwa umbali wa metre moja. Na hesabu yake inajumlishwa: saa moja kwa luksi 100 inaharibu sawa na saa mbili kwa luksi 50. Kwa hiyo mukiingia katika chumba chenye giza giza, musiseme "hawana feza ya ampule."

Maji na unyevu vinakwenda pamoja. Hewa ikiwa na unyevu wa kupita 65 ao 70 kwa mia siku nyingi, ukungu unaota juu ya muti na ngozi. Katika musimu wa mvua wafanyakazi wanapima kila siku na kuandika katika kaye. Hawaweki kitu chini kwenye simenti hata siku moja. Wanainua vyote kwa mbao, sentimetre 10 ao 15, ili maji yakiingia yapite chini. Na hawaegemeshi rafu kwenye ukuta wa inje, kwa sababu ukuta ule ndio unaokunywa mvua.

3. ADUI WA KUMI: KITU BILA JINA

Adui huyu tunamutengea sehemu yake mwenyewe, kwa sababu haonekani kwa macho, tena anaua zaidi.

Mababu wa Waluba walikuwa na lukasa. Ni ubao wa muti unaoenea katika mukono, umepambwa na shanga na maganda ya konokono, ao umechongwa alama. Watu wa chama cha Mbudye, waliojifunza siku nyingi, waliweza kuusoma kwa kupitisha kidole juu ya shanga: majina ya wafalme, safari zao, mambo ya makao ya mufalme, pahali patakatifu. Leo mbao za namna ile ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani. Ubao uko mzima, shanga ziko zote. Lakini kama yule aliyeununua hakuuliza na hakuandika, yale maneno ya mwenyewe hayako. Wamechunga buku, wamepoteza wasomaji.

Mufano mwingine. Katika miaka ya 1930 Mubeleji Frans Olbrechts alitambua kwamba viti na sanamu fulani za Waluba, zenye uso murefu na wenye huzuni, zilitoka kwa mukono ao karakana moja. Aliita muchongaji "fundi wa Buli", juu ya jina la kijiji. Sababu gani hakumwita kwa jina lake? Kwa sababu waliochukua vitu vile hawakujali kuuliza: "Nani alichonga?" Waliandika pahali tu. Mutu mwenye akili kubwa namna ile, na sisi tunamuita kwa jina la kijiji!

Basi kazi ya kwanza ya mufanyakazi, mbele hata ya kupangusa vumbi, ni kuandika. Kitu kinapofika kinapewa namba. Kwa mufano 1974.12.3 maana yake: mwaka 1974, kundi la 12 lililoingia mwaka ule, kitu cha 3 katika kundi. Namba ile inaandikwa katika buku kubwa lililoshonwa imara, lenye kurasa zilizohesabiwa, kwa wino usiofutika. Ukikosea, unapiga mustari mumoja na kuandika juu. Haufuti na haupasui ukurasa. Na buku lile linakuwa na mapacha yake, kopi inayolala katika nyumba ingine, ili moto usile yote mbili.

Kisha namba inaandikwa juu ya kitu chenyewe, pahali pasipoonekana na pasipoguswa sana. Siyo kwa stilo ya biki, na siyo kwa kolakola ya kubandika! Wanapaka kwanza vernis kidogo inayoweza kutoka bila kuumiza, wanaandika kwa wino, wanapaka tena juu. Kama ni nguo, wanashona kitambaa kidogo chenye namba.

Mwaka 1997 ilitolewa namna moja ya kueleza kitu, inayotumiwa na nyumba za makumbusho na polisi ya inchi nyingi: picha, namna ya kitu, kimetengenezwa na nini, kipimo, maandishi yaliyo juu yake, alama za kukitambulisha kama ufa ao kovu, mwaka wake, na fundi wake. Kitu kilichoelezwa vile, hata kikiibiwa leo na kuuzwa Bruxelles, kinaweza kukamatwa. Kitu kisichoandikwa, mwizi atasema: "Ni cha babu yangu," na wewe utakosa jibu.

4. WANAJIFUNZA WAPI

Zamani mutu aliingia katika kazi hii na kujifunza kwa kuangalia mukubwa wake. Mukubwa akikosea, na yeye alikosea sawasawa. Mwaka 1963, kwa musaada wa UNESCO, chuo cha kufundisha mafundi wa makumbusho kilifunguliwa Jos, katika inchi ya Nijeria, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa.

Kisha ikaja kazi ya ICCROM iliyoitwa PREMA, ambayo mumoja wa waanzishaji wake alikuwa Gaël de Guichen. Kwa miaka kumi, toka 1990 mpaka 2000, wafanyakazi wa inchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara walifundishwa namna ya kuzuia kitu kisiharibike, kupita kungojea kiharibike ndiyo kitengenezwe. Uzuri wa kazi ile ni huu: wanafunzi wazuri wa mwaka huu walirudi kuwa wasaidizi wa walimu mwaka unaofuata, kisha wakawa walimu wenyewe. Wageni walikuja na mupango wa kuondoka, na waliondoka kweli. Kazi ile ilizaa vyuo viwili mikononi mwa Waafrika: kimoja Porto-Novo, katika Benin, mwaka 1998, kwa ajili ya inchi za Kifaransa, Kireno na Kispania, kingine Mombasa, katika Kenya, mwaka 2000, kwa ajili ya inchi za Kiingereza.

ICCROM na UNESCO wameleta pia njia inayoitwa RE-ORG, kwa ajili ya gala za nyumba ndogo zisizopita vitu 10,000. Haiombi feza nyingi. Inaomba wafanyakazi waingie wote pamoja ndani ya gala, direkta na mufagizi, watoshe kisichokuwa cha makumbusho (viti vilivyovunjika, makartoni, matairi), kila kitu kipewe pahali pake, na kila pahali paandikwe. Kipimo cha gala nzuri ni kwamba unaweza kufikia kitu chochote bila kusogeza vingi vingine. Wakubwa wa biro na depo katika shule zetu wangeweza kuiga.

5. SHERIA YA MWENENDO

Wafanyakazi wa makumbusho wa dunia yote wako na chama chao, ICOM, kilichozaliwa mwaka 1946, na sheria yao ya mwenendo iliyokubaliwa mwaka 1986. Tuseme mambo yake makubwa. Usiingize kitu kama haujui kilitoka wapi na kwa njia gani. Usifanye biashara ya vitu vya namna ile unayochunga. Usipokee zawadi itakayokufunga kinywa. Mambo ya siri ya watu, kama vitu vya jando ao mabaki ya wafu, uyaheshimu kufuatana na maoni ya wenyewe. Katika inchi yetu sheria ya leta juu ya kulinda vitu vya utamaduni ni ya mwaka 1971.

Kwa karatasi ni rahisi. Lakini tuwaze mutu mwenye watoto sita, mushahara wake umekawia miezi, na jioni anakuja mugeni mwenye dola mia tatu: "Kile kidogo tu, nani atajua?" Hapo masomo ya kemia hayasaidii. Hapo inabaki moyo wa mutu, na buku lenye namba. Sisi tunaowazarau wale wazee wa kwa mulango, tufikiri ni mara ngapi walisema hapana na hakuna gazeti lililoandika. Na serkali inayotaka vitu virudi kutoka Ulaya ianze kwa kulipa wale watakaovipokea.

6. JE, MUKRISTO ANAWEZA KUFANYA KAZI HII?

Tunajua kwamba wengine katika kanisa letu watauliza: "Hizi siyo sanamu ambazo babu zetu walizitupa motoni siku ya ubatizo?" Ulizo hili si la kucheka. Wale waliotupa walijua walichotupa, na kiliwagarimu. Tusiwaite wajinga.

Lakini kuchunga siyo kuabudu. Mufanyakazi wa makumbusho hapigi magoti mbele ya nkisi. Anapima urefu wake, anaandika jina la kijiji, anauliza wazee maana yake. Soma Yoshua sura ya 4: Waisraeli wanapovuka Yordani, wanaambiwa kukamata mawe 12 na kuyaweka, ili watoto wakiuliza maana yake wazazi waweze kuwaeleza. Angalia vizuri: mawe peke yake hayakutosha. Ilipasa awe mutu wa kueleza. Jiwe bila mwenye kueleza ni jiwe tu. Kazi ya makumbusho iko katika maneno yale: kuchunga jiwe, na kuchunga habari ya jiwe. Na mutoto asiyejua babu yake alitoka katika nini, atamushukuru Mungu kwa kumutosha wapi?

7. SISI TUFANYE NINI

Katika makanisa na mashule mengi kuko kengele ya zamani, picha za wachungaji wa kwanza, mabuku ya ubatizo, ngoma iliyoita watu kwenye ibada. Vinaliwa na muchwa katika depo. Hatuhitaji dola milioni 21 kwa kuanza. Tunatoa mashauri haya:

a) Kamateni kaye moja ngumu. Andikeni kila kitu: namba, jina, kipimo, nani alikitoa, mwaka gani. Fanyeni kopi ya pili ikae kwingine.

b) Ulizeni wazee sasa, wakiwa wangali wazima. Andikeni majina ya watu walio katika picha, kwa kreyo laini, nyuma ya picha, kwenye ukingo.

c) Inueni vitu kutoka chini. Fagieni. Angalieni unga wa vidudu kila juma.

d) Mukibeba kitu, mikono miwili, na musikamate kwa sikio ao kwa mukono wa chungu: pale ndipo panavunjika kwanza. Angalieni mbele mutakakokiweka, kisha ndiyo mukiinue.

e) Musipake mafuta, vernis wala rangi ili "king'are". Kitu kilichozeeka vizuri kiko na haki ya kuzeeka.

f) Mukitembelea nyumba ya makumbusho, musiguse, na musalimie yule wa kwa mulango. Mumuulize maswali. Mutaona kwamba hasinzii.

Na wewe wa darasa la sita unayependa historia, kemia ao kuchora, na haujui utakwenda wapi: fundi hii inahitaji yote matatu. Wanaoifanya ni wachache, na wengi wao wamezeeka. Ufikiri.

Kwa leo tunaishia hapa. Mwenye ulizo ao mwenye kujua habari ya kitu cha zamani katika kanisa la kwao, alete kwa waandishi wa gazeti. Tutaiandika, na tutatia namba.